Mistari Minne ya Uzi Mweupe

Mimi jina langu najua kuliandika. Ndiyo masomo yote nilitoka nayo shule kabla baba anitoe nikachunge mbuzi, na hilo jina nimelitunza vizuri. Siliandiki ovyo. Kwa hivyo yule msimamizi wetu aliposukuma barua mbele yangu akaniita nyanya kwa Kikamba, akasema, "Susu, saini hapa kwamba umechelewa mara ya tatu," nilimrudishia kalamu yake.

Wacha nirudi nyuma kidogo ndio unielewe.

Kazi yangu ni kuchagua ndengu kwa ghala moja pale Tulia, huku Kitui. Tunakaa chini wamama kumi na kitu, tunatoa mawe na zile zimetobolewa na dudu, na midomo haifungwi. Ni kazi tamu. Na ndiyo inafanya nisimpigie mtoto yeyote simu kuomba sukari. Lakini getini kuna mashine ya kidole. Ikifika saa mbili asubuhi inafungua geti, unaweka kidole, inaandika umefika. Ukichelewa mara tatu kazi imeisha, unaenda kukaa nyumbani na kuku.

Sasa mimi, redio ikimaliza habari ya saa moja, natoka. Natembea pole pole, nasalimia watu, na bado nafika kabla ya geti kufunguliwa. Nakaa kwa jiwe langu nashona kyondo, kikapu chetu cha uzi. Nyumbani nashona na uzi wa kahawia, getini na mweupe, kwa sababu mweupe nikiushonea jikoni moshi unauharibu. Basi kila asubuhi ilikuwa mistari minne myeupe, mashine inalia tii, naingia.

Halafu ikawa mitatu. Nikasema ni vidole vimezeeka. Ikawa miwili. Wenzangu wakaanza kutoka nyumbani mapema, wengine hata chai hawajakunywa. Nikauliza jirani yangu ni nani amewaambia.

"Ni mashine. Songa na wakati, susu."

"Usonge wenyewe," nikamwambia. "Redio yangu haijasonga."

Siku moja nikakuta geti wazi na mashine inasema nimechelewa. Kesho yake tena. Siku ya tatu ndiyo hiyo barua.

"Mashine haina sababu ya kukudanganya," msimamizi akaniambia. Si mtu mbaya, ni kijana wa shati safi, mimi na mama yake tulibatizwa siku moja.

"Na mimi niko na sababu gani?"

"Susu, ni umri tu."

Hapo alinigusa. Nikakaa chini katikati ya mlango wa ofisi yake, nikanyoosha miguu, nikatoa kyondo. Nikamwambia aite fundi wa hiyo mashine, na mpaka fundi aje, mwenye kutaka kupita aniruke. Sasa Mkamba gani ataruka miguu ya mtu mzima, na kwetu ni mwiko? Saa ya chai msimamizi alitoka nje kwa dirisha. Wamama wanacheka hiyo mpaka leo.

Fundi alifika mchana kutoka Kitui mjini. Ni mama wa ushungi, watu wake ni wale wa biashara ya ng'ombe kutoka kaskazini, lakini alizaliwa hapa na Kikamba anaongea kunishinda. Yeye hakuniruka. Aliniomba nikunje miguu, nikakunja.

Akarekebisha saa ya mashine. Ikakaa sawa kidogo, halafu mbele ya macho yetu ikarudi kule kule kwa uongo wake.

"Hii haijiamulii," fundi akasema. "Inaambiwa saa na swichi." Si swichi ya taa, ni kisanduku kimoja kiko nyuma ya magunia, cha nyaya nyingi na taa ndogo ndogo, ndicho kinaunganisha mashine zote za pale.

"Basi kuna mtu aliiweka vibaya," msimamizi akasema. "Iweke sawa, tumalize."

Fundi alikuwa ameshaanza kubonyeza kompyuta yake. Nikamwambia ngoja. Mtu akiiweka vibaya inaharibika siku moja. Hii imeharibika kwa kutembea, kidogo kidogo kila siku. Nikampa kyondo.

Alihesabu mistari myeupe ya kila siku na ukucha. "Minne. Minne. Minne. Hapa mbona ni mingi hivi?"

"Siku watu wa intaneti walikuja kubadilisha kisanduku chao. Walituacha nje sana."

"Na baada ya hapo?"

"Si uendelee kuhesabu."

Akaendelea. Minne, mitatu na nusu, mitatu, miwili, mpaka pale kahawia inashikana na kahawia. Akacheka peke yake. Akatueleza kwamba swichi inafaa kuwa inauliza saa huko nje, kwa intaneti, kila mara. Kisanduku kipya cha watu wa intaneti kilikuwa kinazuia hilo swali. Swichi imeuliza, haijajibiwa, ikaamua kujiamini, na saa yake ya ndani inakimbia. Kila siku inakimbia kidogo, na mashine ya getini inaifuata, na wamama wanafuata mashine.

"Isipokuwa mmoja," nikasema.

Akafungua njia ya swali. Lakini hakukubali kuondoka hapo hapo. Alisema mpaka aone swichi imejibiwa na imekubali, kwa sababu kuiweka tu sawa na mkono ni kudanganyana, ingeanza kukimbia tena. Tukangoja. Nikaomba redio iletwe, na kengele ya habari ya saa kumi ilipolia, mashine ya getini nayo ikageuka saa kumi.

Msimamizi akachukua ile barua aipasue kimya kimya.

"Usipasue," nikamwambia. "Isomee hawa wamama."

Akaisoma, sauti ikiwa chini. Nikamwambia jirani yangu hajasikia. Akasoma tena kwa nguvu. Halafu nikamwambia aandike hapo chini kwamba susu hajachelewa hata siku moja, na kwamba yule amechelewa kuambiwa ukweli ni mashine. Hiyo ya mashine alikataa. Ya kwanza aliandika, fundi akanisomea nione kama ni yenyewe.

Ndipo nikaomba kalamu. Nikaandika jina langu, herufi moja, nikapumzika, nyingine. Msimamizi alikuwa amesimama hapo na shati lake safi anangoja, na mimi huwa siandiki haraka.