Gari Lililoogopa Mlima

Juzi, tukiteremka mlima wa Kisarawe, binti yangu aliuliza gari linalilia nini. Nikakumbuka alasiri moja utotoni, mama akiendesha, mimi nimebanwa kiti cha nyuma na mananasi ya Msimbu yaliyonukia hadi kooni.

Mjomba, aliyekaa mbele kando yake, alimhimiza mama, “Dada, weka frii, liserereke lenyewe, tuokoe mafuta.”

Mama aliitoa gia kwenye D akaiweka L, na gari letu la otomatiki likanguruma. Niliamini limeogopa mlima, nikaupapasa mlango kulibembeleza. Kumbe hiyo L, gia nzito, ndiyo iliyotuzuia tusiporomoke.

Nilitaka kumweleza binti yangu hayo yote, lakini tayari alikuwa anaupapasa mlango.

“Pole, gari. Tunakaribia chini.”