Dereva wa Gari Bubu na Joto Asilolielewa

Jua limeshapanda juu ya mapaa ya mtaa wa Usagara, na Zubeiri Miraji anapakia mikate ya mwisho. Anaufunga mlango wa nyuma kwa kamba ya katani, anaingia, anakanyaga. Gari linaondoka kimya kabisa, bila mngurumo wala moshi. Mama mmoja mwenye ndoo kichwani analiona limeshamfikia, anaruka pembeni, maji yanamwagikia shingoni.

"We Zubeiri! Utatuua na bubu lako hilo! Honi huna?"

"Honi imekufa, dada yangu. Niwie radhi," anajibu, mkono nje ya dirisha.

Ndivyo linavyojulikana mjini Tanga: gari bubu. Halinywi petroli wala dizeli. Linachomekwa ukutani kama pasi, na likishiba umeme linatembea. Zubeiri, mkazi wa Nguvumali mwenye umri wa miaka arobaini na saba, ameushika usukani wake tangu lilipoletwa mwaka 1984. Mpaka leo, mwaka 1993, kuna jambo moja ndani yake ambalo hajalielewa.

Jambo lenyewe liko chini ya kiti cha dereva. Ni sanduku la chuma, zito, lenye waya wake peke yake na kilango kidogo cha kutolea hewa. Ndani yake kuna kitu cheupe.

"Ukilichomeka, kile kitu kinayeyuka kama samli juani," anamweleza mwandishi aliyeketi kando yake, huku akikwepa shimo la barabara ya Chumbageni. "Ukichomoa, kinaganda, taratibu sana. Na wakati kinaganda ndipo kinatoa joto, kutwa nzima. Sasa wewe umesoma, niambie. Kitu kinaganda, halafu kinatoa joto? Umeona wapi?"

Zubeiri anacheka, lakini si kicheko cha mtu aliyefurahi.

Gari lilikuja katika miaka ya shida. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni, petroli ya kibali. Shirika la kusambaza vyakula alilokuwa akilifanyia kazi lilikuwa na malori mengi, na karibu yote yalikuwa yamekaa juu ya mawe kwa kukosa mafuta na matairi. Ndipo wafadhili kutoka nchi moja ya baridi huko Ulaya wakatuma magari matatu ya umeme, yaliyokwisha kutumika kwao.

Mtaalamu aliyefuatana nayo aliwakusanya madereva uani akawafafanulia kwa kupitia mkalimani. Sanduku lile, alisema, huhifadhi joto la kumpasha dereva moto, ili betri zisimalizwe na kazi hiyo, umeme wote ubaki kwa safari.

"Tulitazamana," anakumbuka Zubeiri. "Mwezi wa Februari, jasho linatutiririka hapo tulipo, mtu anasema ametuletea joto. Nikamwambia mwenzangu, mkalimani amekosea huyu. Bila shaka kasema baridi."

Mkalimani hakuwa amekosea. Madereva waliomba masanduku yang'olewe, lakini meneja akakataa: mali ya wafadhili haiguswi. Basi wakawa wanachomeka waya wa betri tu na kuuacha wa sanduku ukining'inia. Magari mawili yalikufa kabla ya mwaka kwisha. La Zubeiri likabaki.

Mwezi Juni mwaka 1986, kipindi cha mvua na baridi ya upepo wa kusi, mlinzi mgeni pale shirikani aliziona nyaya mbili akazichomeka zote mbili. Asubuhi Zubeiri akaingia ndani ya gari lenye joto kama la jikoni. Alimtukana mlinzi yule, anakiri, kisha akafungua madirisha yote akaenda kazini hivyo hivyo.

Kabla ya adhuhuri jirani yake alimkuta Chumbageni akishusha unga, akamwambia arudi nyumbani. Mkewe, Samiha, alikuwa amejifungua nyumbani, mimba ikiwa haijatimia miezi minane.

"Nilimkuta mkunga, bibi Mwamvua, amekiweka kitoto kifuani kwa mamake, amewafunika kanga tatu. Nilichungulia. Wallahi sikujua kama nimeona mtoto au kifaranga kilichonyeshewa. Midomo ya buluu. Bibi Mwamvua akaniambia, 'Baba, huyu baridi inamchukua. Tafuta gari.' Nikasema gari lipo nje, lakini lina kasoro, lina joto. Alinitazama kama mwendawazimu."

Waliingia wote wanne, wakafunga madirisha. Hospitalini walikuta giza: mji mzima haukuwa na umeme tangu asubuhi, na chumba cha kuwapasha joto watoto njiti kilikuwa na baridi kama ya uani. Muuguzi alikuja mvuani, akaingiza mkono garini, akautoa, akauingiza tena.

"Hili joto linatoka wapi, na umeme hakuna?"

"Sijui," alijibu Zubeiri.

"Basi kaeni humo humo. Msishuke."

Walikaa uani mwa hospitali mchana wote, mvua ikipiga bati. Muuguzi alikuwa akija na kurudi, akimpa mtoto maziwa ya mamake kwa kijiko. Sanduku halikuzidi moto wala halikupoa. Zubeiri, shati limemganda mgongoni, aliitazama midomo ya mwanawe ikiacha ubuluu kidogo kidogo mpaka umeme uliporudi. Mtoto huyo, Mwatumu, sasa yuko darasa la kwanza na ana mdomo kuliko watoto wote wa Nguvumali.

Habari zilienea. Zubeiri akawa analichomeka sanduku kila siku, hata siku za jua kali, na hakulalamika tena. Kama angeishia hapo, angekuwa na kisa cha kusimulia barazani na mambo yakaisha.

Lakini mwaka uliofuata alikuja Abrahamu, mpasua mbao wa mtaa wa pili. Mkewe naye alikuwa amejifungua kabla ya siku zake, mtoto wa kiume. Zubeiri hakungoja kuambiwa mara mbili. Sanduku lilikuwa na joto, madirisha yalifungwa, mkunga alikuwa Mwamvua yule yule, barabara ile ile.

Walipofika getini mwa hospitali mtoto alikuwa ameshanyamaza.

"Alikuwa wa moto," anasema Zubeiri, na hapa analisimamisha gari kando ya duka ingawa hakuna mkate wa kushusha. "Nilimgusa mguu. Gari la moto, mtoto wa moto, ila hapumui. Abrahamu akaniuliza, 'Zubeiri, ni gari lile lile?' Nikasema ni lile lile. 'Na joto ni lile lile?' Nikasema ni lile lile. Akambeba mwanawe akashuka."

Tangu siku ile walisalimiana kama watu waliokutana kwenye kituo cha basi.

Zubeiri alianza kuuliza. Mwamvua alimwambia, "Joto si pumzi, baba. Wako alikuja na mapafu yake, yule mapafu yalikuwa bado." Luka, fundi umeme wa shirika, alimwambia kitu kile cheupe ni aina ya nta: kikiyeyuka kinakula joto, kikiganda kinalitapika. Msikitini aliambiwa ajali haina kinga. Samiha alimwambia aache kujitafuna, mtoto anataka uji.

"Wote wamesema kweli," anasema. "Maneno nimeyasikia, hayajaniingia. Wangu nilimpa joto akaishi. Wake nilimpa joto akafa. Nta ilijuaje?"

Mwaka jana shirika lilifungwa. Wafanyakazi walipunguzwa, mali ikapigwa mnada, na mzee Gulamhussein, mwenye tanuri la mikate Usagara, akalinunua gari bubu kwa bei ya chuma chakavu. Dereva alimchukua humo humo, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kuliendesha. Mshahara haufiki mwisho wa mwezi, na Samiha huuza vitumbua kuuziba mwanya.

Sasa petroli ipo kila kona, ni pesa yako tu, na bandarini zinashuka pikapu kutoka Japani. Juzer, mtoto wa mzee Gulamhussein, ameshanunua moja. Betri za gari bubu zimechoka, hazivuki Chumbageni. Juzer anataka kuziuza kwa wayeyusha madini ya risasi, na sanduku litupwe.

"Kaka Zubeiri, hili dude linakula nafasi ya kreti nzima," alimwambia wiki iliyopita. "Linatusaidia nini?"

Zubeiri aliendelea kupanga kreti. Lakini siku ile ile, baada ya sala ya alasiri, Abrahamu alimjia pale kwenye tanuri, vumbi la mbao nywelani. Zubeiri anasema alidhani siku ya kudaiwa yule mtoto imefika.

"Mke wangu ana ujauzito," Abrahamu alisema. "Kliniki wamemwambia huenda huyu naye akawahi kuzaliwa. Nasikia mnaliuza gari."

"Abrahamu, lile gari unalijua wewe. Hukuliona lilivyotufanya?"

"Nililiona."

"Sasa wanitaka nini? Mimi hata sijui linavyofanya kazi. Siwezi kukuahidi kitu."

"Sijakuomba ahadi. Yule wa kwanza alikufa, lakini hakufa na baridi. Mamake husema hivyo kila akimkumbuka. Nataka na huyu asisikie baridi, basi."

Jioni hiyo Zubeiri alikwenda kwa mzee Gulamhussein. Alimwamkia shikamoo, akamwomba gari lisiguswe mpaka mke wa Abrahamu ajifungue. Mzee aliuliza sababu, Zubeiri akajaribu kueleza, akakwama katikati. Mzee akamgeukia mwanawe, akamwambia pikapu itabeba mikate, na bubu likae uani limechomekwa.

Kuanzia kesho Zubeiri atashika usukani wa pikapu. Gari bubu atalitoa kwa kazi moja tu, safari fupi ya hospitali, na amemwelekeza Abrahamu dirisha la kugonga nyumbani kwake.

"Atakapogonga nitakwenda," anasema, akiweka kiganja juu ya sanduku lenye kile kitu kinachoganda chini ya kiti. "Nitakachokikuta huko sikijui. Joto litakuwepo."