Mwaka wa Nzige

Kila chuo cha ualimu kinapotangaza nafasi, yule mama mfinyanzi huja dirishani kwangu hapa bomani Newala kujaziwa fomu, udongo umemkaukia kwenye kucha, ananong'ona kama anayeungama. Aliyezidi miaka kumi na sita hapokelewi. Alianza na mwanawe Nikolao: kazaliwa mwaka wa nzige. Akafuata Getrude: mwaka wa nzige. Juzi kamleta Ambrosi, kidevu kimenyolewa asubuhi ileile, huku akimbonyeza bega aonekane mfupi.

"Mama, wote watatu mwaka wa nzige, na si mapacha?"

"Nzige walikaa sana, mwanangu. Kwani wewe mama yako alikuandikisha mwaka gani?"

Nikachovya kalamu, nikaandika. Kwetu tumesoma wanne, na sote tulizaliwa mwaka wa njaa.