Mtama Uliochipua Baada ya Jua

Mahindi ya dada yangu yalikufa yakiwa wima. Vuli ilianza vizuri, akapanda, mimea ikapita kiuno, kisha mvua ikakatika wakati mbelewele zinatoka. Nilipokwenda kuyaona, mbelewele zilikuwa zimekwisha kumwaga chavua yake juu ya majani makavu, huku ndevu zinazopaswa kuipokea zikiwa bado zimejificha ndani ya maganda. Zilipochungulia siku kadhaa baadaye, hapakuwa na chavua ya kupokea. Nilimenya hindi moja mbele ya dada. Lilikuwa na punje chache upande mmoja, na pengine pote bunzi tupu.

Mtama katika kipande cha pili ulifanya jambo lingine. Ulikunja majani, ukaacha kukua, ukangoja. Mimi ndiye niliyemshawishi aupande. Kule kwake Muleba, kama kwetu Bukoba, chakula ni ndizi. Mtama, ambao kwa Kihaya ni omugusha, watu huupanda kidogo tu huko rweya, kwenye uwanda wa nyasi nje ya vibanja vya migomba, kwa ajili ya kuchachushia rubisi, pombe ya ndizi. Dada alikubali shingo upande, akasema hajawahi kuona mtu aliyeshibishwa na pombe. Lakini ukame ulipokwisha kuyamaliza mahindi, mtama ulimpa masuke madogo yaliyojaa nusu. Aliyavuna, akakata mabua na kuyaburuta nyumbani kwa ajili ya ng'ombe, visiki akaviacha ardhini.

Ng'ombe alikuwa mmoja tu, mtamba wa maziwa mwenye mimba yake ya kwanza, aliyekaribia kuzaa. Dada alimpata kupitia kikundi cha akina mama wa parokia, kwa sharti kwamba ndama jike wa kwanza aende kwa mwanachama anayefuata. Maziwa yalikuwa bado ahadi, lakini samadi ilikuwa imeanza kazi. Migomba iliyo karibu na banda ilikuwa na mikungu inayoeleweka; ile ya mbali ilikuwa imesinyaa. Dada alikuwa akisema kwamba siku atakayompoteza mnyama huyo atakuwa amepoteza na kibanja, ila kibanja kitachelewa kidogo kufa.

Mabua yalikwisha. Nyasi za rweya zilikuwa zimekauka mpaka zinavunjika mkononi. Kwa wiki nzima na zaidi mtamba alilishwa vipande vya mgomba, ambavyo ni maji tu, na mbavu zake zikaanza kuonekana juu ya lile tumbo kubwa. Kisha ikanyesha mvua moja, ya alasiri moja, na jua likarudi.

Siku chache baada ya mvua hiyo dada alinipigia simu. Mimi ni seremala, nakaa Kibeta mjini Bukoba, na wakati huo nilikuwa naranda mbao za mlango. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu Noeli. Alisema Mungu ametukumbuka, ule mtama wangu umechipua wenyewe kutoka kwenye visiki, majani mabichi yanakaribia goti, hakuna kijani kingine rweya nzima. Shemeji yangu alikuwa ameshakwenda na panga.

Nilimuuliza kama ng'ombe ameshakula. Akasema bado. Nikamwambia asimpe hata jani moja.

Nilikuwa nimesoma jambo hilo katika kijitabu kimoja cha zamani cha ufugaji. Kilieleza kwamba mtama uliosimamishwa na jua, ukichipua tena, huweka sumu katika majani yake machanga. Haionekani wala hainuki. Ng'ombe mwenye njaa akiyavamia majani hayo huanza kuhema haraka, hutokwa na mate, hupepesuka na kuanguka, na anaweza kufa kabla mwenye mali hajarudi kutoka kisimani. Nilimweleza hayo yote kwa simu, kwa haraka na vibaya.

Dada akasema, "Mdogo wangu, ulisema mtama utatuokoa. Leo unasema utaniulia ng'ombe. Nishike lipi?"

Nilimwambia ayashike yote mawili. Akajibu kwamba atanisubiri mpaka nifike, lakini hawezi kumwambia ng'ombe naye asubiri.

Njiani kuelekea Muleba nilipanga kichwani ninachokijua na nisichokijua. Sikuwahi kuona ng'ombe aliyekufa kwa mtama, wala sikumjua mtu aliyewahi kuona. Tangu utotoni nimeona ng'ombe wakila mabua ya omugusha baada ya mavuno, na hakuna aliyewahi kupata hata kikohozi. Desturi hiyo haikuwa ya kijinga, kwa sababu mabua yale yalikuwa yamekomaa na kukauka. Tena zamani, visiki vilipochipua, rweya ilikuwa na nyasi za kutosha, na hakuna aliyehangaika na machipukizi. Ukame wa namna hii ndio uliovikutanisha vitu viwili ambavyo hapo awali havikukutana: ng'ombe mwenye njaa na mtama mchanga ulio kijani pekee kilichopo. Niliona hoja yangu imesimama vizuri. Lakini niliona pia kwamba ilisimama juu ya ukurasa mmoja.

Nilipofika, mzigo wa majani ulikuwa umelazwa mlangoni pa banda. Ulikuwa mzuri kuutazama, laini, kijani cha kung'aa. Mtamba alikuwa ameingiza kichwa katikati ya fito, shingo imenyooka, ulimi nje. Alikuwa akilia mfululizo, kwa sauti iliyokwisha kukauka. Dada alisimama kati yake na mzigo, mikono kifuani. Shemeji alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, panga miguuni.

"Karibu, daktari," alisema. "Wiki iliyopita ulikuwa fundi milango."

Tukasalimiana. Nikarudia maelezo yangu, safari hii polepole. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kijitabu hicho kilisema ng'ombe ale nini badala yake. Nilikiri kwamba hakikusema. Akasema basi tupate hakika kwa njia ya kawaida, mbuzi aonjeshwe kwanza.

"Mbuzi wa nani?" dada akauliza.

"Wa huyu daktari. Si anao kule Kibeta?"

Dada alicheka bila kupenda, akageuza uso. Mimi pia nilicheka, na kwa kicheko hicho tukaacha kumtazama ng'ombe. Ufito mmoja ulilia. Mtamba alikuwa amejisukuma kwa uzito wake wote mpaka akaufikia mzigo, na tulipogeuka alikuwa ameshameza tonge moja la majani na analitafuna la pili. Dada alimshika pua, akaingiza mkono mdomoni na kuvuta majani aliyoweza kuyavuta. Shemeji aliuburuta mzigo hadi uani. Kilichokuwa kimeingia tumboni hakikurudi.

Nilimpigia bwana mifugo. Alikuwa mbali, upande wa ziwani, na alisema hawezi kufika siku hiyo. Hakunicheka. Aliuliza machipukizi yana urefu gani, amekula kiasi gani, kabla ya hapo alikuwa na nini tumboni. Nilipomtajia vipande vya mgomba alisema hiyo ni heri, tumbo halikuwa tupu. Dawa ya kumdunga hakuwa nayo. Alituagiza tusimkimbize, tusimlaze kwa nguvu, tutazame pumzi, na tufunue ufizi mara kwa mara. Ukiwa mwekundu kupita kawaida, nimpigie tena. Sikumuuliza atafanya nini nikimpigia tena.

Tulisimama watatu kumzunguka. Pumzi ilianza kwenda haraka. Ubavu ulipanda na kushuka, na kila uliposhuka nilimwona ndama akisogea chini ya ngozi. Mate yalimdondoka mtamba, lakini alikuwa na njaa, na majani yalikuwa bado machoni pake pale uani, kwa hiyo sikuweza kujua mate hayo ni ya nini. Dada alifunua mdomo. Ufizi ulikuwa mwekundu. Aliniuliza kama huo ndio wekundu wenyewe. Nilimwambia sijui, kwa sababu sikuwahi kutazama ufizi wake siku nyingine. Shemeji alikuwa ameacha utani. Alimkuna mtamba shingoni, akimsemesha kwa Kihaya kama mtu anavyomsemesha mgonjwa.

Kivuli cha migomba kilikuwa kimefika kwenye kihori pumzi ilipoanza kutulia. Ilitulia kidogo kidogo, hata hatukuweza kusema ilitulia saa ngapi. Mate yakakoma. Mtamba akalia tena kwa ajili ya majani, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nilifurahi kuisikia sauti hiyo.

Hapo ndipo ugumu wenyewe ulipoanza. Shemeji alipangusa mikono, akasema kwa upole, bila kunikejeli, kwamba sasa tumeshaona. Amekula, hajafa. Kuhema kulitokana na sisi kumshikashika na kumtia hofu. Tukimnyima majani haya atakufa kwa njaa pamoja na ndama, na kwa kifo hicho hatuhitaji kijitabu. Akainama kuuchukua mzigo.

Ng'ombe aliyepona alikuwa ushahidi dhidi yangu. Nilichobaki nacho ni maneno, na niliyasema kwa dada, si kwake. Nilimwambia, "Ni kama muhogo mchungu. Ni sumu ya aina ile ile."

Dada aliushika mzigo upande wa pili, ukabaki umening'inia kati yake na mumewe.

"Muhogo mchungu tunaukausha ndipo tunaula," alisema. "Hii nayo ikikaushwa?"

Swali lake ndilo lililonikumbusha, nikamwambia kijitabu kilisema sumu hupungua sana majani yakikaushwa vizuri, yakakauka kabisa. Shemeji alisema siku za kukausha ni siku za njaa. Dada akamjibu kwamba migomba ya kukata bado ipo, na kama haitoshi atakata hata yenye mikungu. Akauvuta mzigo, na mumewe akauachia.

Aliyatandaza majani juu ya mikeka ile ile anayoanikia kahawa, tabaka jembamba, akiyageuza kama anavyogeuza kahawa, asubuhi, mchana na alasiri. Mtamba aliyaona kutoka bandani na hakunyamaza. Nilibaki pale. Kila siku dada alivunja bua dogo na kulisikiliza. Lilipopinda alilirudisha. Migomba miwili yenye mikungu michanga iliangushwa katika siku hizo, na shemeji ndiye aliyeiangusha.

Bua lilipovunjika kwa sauti, dada alichukua kiasi cha kujaza mkono mmoja. Alimwomba mumewe amshike mtamba kamba, akaniita nami niingie bandani.

"Simama hapa," alisema. "Kama ni kufa, sote tuone."

Mtamba alikula kutoka mkononi mwake. Tulitazama ubavu. Dada alifunua ufizi, na safari hii nilijua rangi yake, maana nilikuwa nimeutazama kila siku. Akampa mkono wa pili, tukasubiri, kisha wa tatu. Baada ya kumaliza, mtamba alirudi nyuma hatua chache, akashusha kichwa, na magoti yake ya mbele yakakunjika.

Shemeji aliiachia kamba. Dada alinishika mkono juu ya kiwiko, akaubana. Miguu ya nyuma nayo ikakunjika, tumbo likagusa majani makavu ya sakafuni, na ng'ombe akatulia hapo chini, macho nusu wazi. Nilitazama pua zake na sikuthubutu kuhesabu pumzi.

Kisha kitu kikapanda shingoni mwake kutoka tumboni, na taya likaanza kwenda upande upande, taratibu. Alikuwa anacheua.

Dada aliuachia mkono wangu. Alitoka akaenda uani kuyageuza majani yaliyobaki.