Ukurasa Ulioganda

Mtaani walimwita Redio, maana hakuwa na kitufe cha kumzimia. Alikuwa dereva wa lori, na watu waliapa kwamba alipiga soga hata na matairi. Kisha kiharusi kikamlaza kitandani, macho wazi, bila neno.

Daktari alimwambia mkewe, mshona mapazia, amsemeshe kila siku, huenda sauti ikarudi. Lakini mwanamke ambaye hakuwahi kupata nafasi ya kutia neno nyumbani kwake, aanzie wapi? Binti wa kaka yake ndiye aliyemwokoa. Alimletea kifaa cha kusomea vitabu, amekijaza riwaya za kale za bure, za waandishi waliokufa zamani hata hakuna wa kudai haki.

Basi kila alasiri aliweka mkasi chini, akaketi ukingoni mwa kitanda, akasoma. Kifaa kilifunguka palepale alipoishia, hivyo jina la kitabu hakulijali. Hadithi iliwanogea wote wawili. Macho ya mumewe hayakubanduka mdomoni pake.

Siku moja kurasa zikagoma kusonga. Alibonyeza, akachaji, wapi! Fundi simu alimwambia kifaa kimekufa; kioo cha aina hii hakizimiki kama cha simu, hubaki na ukurasa wa mwisho. Akampigia binti ili amtambulie kitabu, akamweleza kuna nyumba kubwa, mjane na mlango usiofunguliwa.

“Shangazi,” binti akasema, “vitabu vya zamani vingi viko hivyohivyo.”

Kumwambia mumewe aliogopa, asije akakata tamaa kabisa. Akawa anamsomea ukurasa uleule kila siku, akijipa moyo kwamba mgonjwa hatambui. Aliona aibu, maana hata mtoto hadanganywi hivyo.

Leo tena alifika mwisho, pale mjane “akageuza ufunguo, na”. Akataka kuinuka. Midomo ya Redio ikacheza. Sauti ikatoka, imekwaruza, lakini ni yake.

“Halafu?”

Sauti hiyo ndiyo aliyoililia kwa Mungu usiku na mchana. Angeomba maji, angempa. Hata angemtukana, angejua la kujibu. Mshona mapazia akagusa kioo, akakigusa tena, maneno yakabaki yaleyale.

“Sijui, mume wangu,” akasema, machozi yakimtoka. “Kimekufa. Sijui.”

Redio hakusikia, au hakutaka kusikia. Aliendelea kumtazama mdomoni.

“Halafu?” akauliza.