Siku Moja ya Jembe kwa Mama yake Nelida

Nilikwenda Peru kulima siku moja. Mume wangu aliposikia, alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama Esta, jembe tulilikimbia Kivu, sasa wewe unalifuata kwa ndege?"

Cheka tu, nikamwambia. Nilipofanyiwa operesheni, Nelida, mwenzangu wa mashine pale kiwandani Tonawanda, karibu na Buffalo huku Marekani, alibeba shifti zangu juu ya zake mpaka nikapona. Sasa alikuwa na shida yake. Huko kwao Peru, milimani, jirani akikufanyia kazi siku moja, unamrudishia siku moja kwa mikono, pesa hawapokei. Jirani yao, Mzee Hilario, alikuwa amemwezekea mama yake Nelida paa, na sasa viazi vya mzee vimeiva. Mama hawezi tena kuinama. Nelida makaratasi yake bado, akitoka Marekani harudi. Na nyumba isiyorudisha siku, mwaka ujao hakuna atakayekuja kuilimia. "Mama atabaki peke yake," aliniambia, akalia.

Kutoka mji wa Kuzko, asubuhi, basi dogo lilipanda, likapanda, nikadhani dereva anatupeleka kwa Mungu mwenyewe. Miti iliisha. Zikabaki nyasi za njano, alpaka, wanyama kama kondoo wenye shingo ndefu, waliotiwa nyuzi nyekundu masikioni, na matuta yaliyojengwa kwa mawe toka bondeni hadi mawinguni, tuta juu ya tuta. Kisha ukatokea mlima wa theluji, na wanaume wote ndani ya basi wakavua kofia. Yesu wangu! Mimi nimezaliwa milimani, lakini mlima kama ule sijawahi kuuona.

Saa kumi jioni nilifika. Mama Saturnina ni mdogo wa mwili, amevaa sketi tatu na kofia pana, na anazungumza Kikechua tu, lugha ya milima ile. Mzee Hilario ndiye aliyetutafsiria kwa Kihispania, maana changu cha kiwandani kinatosha.

"Wewe ndiye Nelida?" mzee akanitania.

"Mimi ni mikono yake."

Mama akaishika mikono hiyo, akaitazama muda mrefu.

Kulipokucha, shambani, kila mtu alishika majani matatu ya koka, akayapulizia kuelekea theluji, ndiyo sala yao. Mimi nikaomba kwa jina la Yesu. Mzee akasubiri mpaka amina, ndipo akanipa jembe fupi lililopinda. Ee, viazi vile! Vya zambarau, vyekundu, vyeusi, vingine vimejikunja kama ngumi. Nikaona niwaonyeshe mwanamke wa Kivu ni nani, nikachimba mbio, nikawaacha wote nyuma. Bon, mlima ukanionyesha mimi. Saa nne pumzi ilikatika, nikakaa chini.

Mzee Hilario alichukua jembe langu polepole. "Basi, mamita. Umetoka mbali. Siku hiyo nimeisamehe."

Wote wakanitazama kwa huruma. Lakini Mama Saturnina, aliyekuwa kando akichambua viazi, alijifunika uso kwa shali. Hapo nikaelewa. Nyumba iliyosamehewa inahurumiwa, lakini haiitwi tena kazini, na isiyoitwa nayo haiwezi kuita mtu.

"Sikuja kusamehewa," nikasema. "Nirudishie jembe."

Mama alikuja akanitia mdomoni yale majani ya koka, machungu, yanayorudisha pumzi. Nikachimba nimepiga magoti, polepole kama bibi kizee. Nilipoinua kichwa nikakuta mstari mzima umepunguza mwendo, watu wote sambamba nami. Tulimaliza jua likiwa linagusa theluji. Tukala viazi vilivyookwa ndani ya udongo wa moto, na mzee, mdomo umejaa, akamgeukia mama, kisha akanitafsiria: "Saturnina, shamba lako unavuna lini? Sisi tutakuja." Nililia pale pale, sikujificha.

Nimerudi Buffalo wiki iliyopita. Kanisani wameniuliza nimejifunza nini. Niliwaambia kwamba hata msamaha unaweza kumwacha mtu peke yake, wakaguna tu.

Jumatatu, kabla ya shifti, nilimkuta Nelida kwenye makabati yetu. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, ya mlima, ya mama, ya mzee. Hakuuliza hata moja. Alinishika mikono, akaigeuza, akaona malengelenge ya mpini yaliyoanza kukauka. Akayagusa kwa kidole, moja baada ya jingine.

"Haya ni yangu," akasema.

Nikamwambia ndiyo, ni yako.