Nyanya za Mjomba Sweta

Mjomba wangu wanamwita Sweta, na hajawahi kulalamika, maana hata jua la utosi likiwaka yeye yumo ndani ya sufu, amefunga vifungo hadi kooni. Mtu wa namna hiyo ukimpa banda la nailoni la kukuzia nyanya, unategemea nini? Akalifunga. Mapazia ya pembeni akayashusha na kuyakaza kwa kamba, miche akaibananisha ipate joto, na kila jioni akaiogesha kwa maji ya vuguvugu, majani na yote.

Nyanya zikatoa maua, maua yakaota manyoya ya kijivu. Ukiligusa ua, vumbi linatimka. Mazao ya kwanza yalikufa hivyohivyo, na mkaza mjomba, ambaye hana maneno mengi, alikuwa ameshasema kwamba haya nayo yakifa, banda ni la kuku wake. Mjomba akakosa raha. Banda lile alilijenga kwa mikono yake baada ya kustaafu, na bila hilo angeshinda sebuleni akimwuliza mkewe maswali.

Akamwita bwana shamba, naye alipoingia tu, miwani yake ikajaa mvuke. Akaivua, akasema ugonjwa wenyewe ndio huo, unyevu. Mapazia yapandishwe asubuhi, upepo upite. Maji yaende kwenye mizizi, tena asubuhi, majani yabaki makavu. Miche ipunguzwe, na kila kilichoota ukungu kikatwe taratibu, kitiwe kwenye mfuko bila kutikiswa, kikazikwe mbali. Mjomba alisikiliza kama mtu anayeambiwa awavue watoto nguo kwenye baridi.

Akakata, lakini kila tawi aliliambia pole, nilimsikia kwa masikio yangu. Safu nne zikabaki mbili na ushee. Kila alfajiri akapandisha mapazia, kisha akakaa humo kwenye kiti akitetemeka, ili wateseke wote. Jamani, nilicheka, ila huruma nayo ilinishika.

Wiki ya tatu mkaza mjomba akaingia na futi ya kupimia viota. Akainama safu hadi safu akitafuta yale manyoya ya kijivu. Akakuta nyanya changa, ngumu, kavu. Akaikunja futi yake.

"Kuku watakaa nyuma ya jiko," akasema.

Mjomba akashusha pumzi, akaanza kumweleza jinsi nyanya zilivyovumilia baridi.

"Mume wangu," akamkatiza, "miaka thelathini unanifunika mablanketi mawili. Ukianza tu kukoroma, nayatupa chini."

Mjomba akashika kifungo chake cha kooni.

"Yote mawili?"

"Yote mawili."